Somo: Kuandika CV ya kazi za teknolojia

Anza na tangazo la kazi, si na CV yako ya zamani. Lisome mara mbili, upigie mstari zana na majukumu yaliyorudiwa. Yale unayoyaweza kweli ndiyo yakae juu, tena kwa jina lile lile: wakiandika PostgreSQL (aina mojawapo ya programu za hifadhidata), usiishie kuandika "hifadhidata".

Hatua ya pili ni umbo. Safu wima moja, herufi za ukubwa wa 10 hadi 12, na ukurasa mmoja kama bado uko mwanzoni mwa kazi. Kampuni nyingi hupitisha maombi kwenye programu ya kuchuja kabla mtu hajayaona. Majedwali na safu wima mbili huweza kuivuruga, na namba ya simu iliyowekwa kwenye ukingo wa juu wa ukurasa inaweza isisomwe kabisa. Jipime hivi: fungua PDF, nakili maandishi yote, bandika kwenye Notepad. Mistari ikichanganyikana hapo, rudi urekebishe.

Hatua ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi: maelezo ya kazi. "Nilihusika na kutunza tovuti" haimwambii mwajiri chochote. Kila mstari ubebe kitendo, zana na matokeo: "Nilipunguza muda wa kufunguka kwa ukurasa wa malipo kutoka sekunde 6 hadi 2 kwa kuongeza faharasa (index, inayoharakisha utafutaji wa data) kwenye PostgreSQL." Weka namba unayoweza kuitetea tu, maana kwenye usaili utaulizwa uliipimaje.

Ujuzi upange kwa makundi: lugha, hifadhidata, zana. Vile vipimo vya "Python 80%" viondoe, hakuna anayejua 100 ni ipi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, sijawahi kuajiriwa. Niweke nini?*
Miradi miwili au mitatu inayofanya kazi, ikae juu ya elimu. Kila mmoja uwe na linki ya GitHub (tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha msimbo) na README, yaani faili la maelezo linaloeleza unatatua nini na unawashwaje. Kagua kama kuna nywila au funguo za API (misimbo ya siri ya kuunganisha programu yako na huduma nyingine) ndani. Ukizikuta, kuzifuta kwenye faili hakutoshi, kwa sababu Git, programu inayofuatilia mabadiliko ya msimbo, hutunza historia. Zibatilishe, utengeneze mpya.

*Picha na tarehe ya kuzaliwa je?*
Acha, labda tangazo liwe limeomba.

*Docker (zana ya kufungasha programu pamoja na vyote inavyohitaji) nimejifunza kwa video tu. Niiandike?*
Bado. Fungasha mradi wako mmoja ndani ya Docker kwanza, kisha itaje kwenye mstari wa mradi huo. Hapo ukiulizwa Dockerfile yako (faili la maelekezo ya kufungasha) ina nini, utakuwa na la kujibu.