Upinde wa kuwinda: pima mwili wako kabla ya kutoa pesa

Upinde mwingi unaokaa ukutani bila kazi ulinunuliwa kwa kosa moja: mwenyewe aliuvuta mara moja kwa nguvu zote, ukafika shavuni, akasema huu ndio wangu. Porini hakuna kuvuta kwa nguvu zote. Unavuta polepole, umepiga goti, mwili umepoa baada ya saa mbili za kukaa kimya, na pengine unatakiwa kushikilia mpaka mnyama ageuze bega. Upinde unaokushinda katika hali hiyo haukufai, hata ukiwa umetengenezwa na fundi bora duniani. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

Hatua ya 1: Kibali

Uwindaji katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na sheria ya kuhifadhi mazingira ya asili ya 2014 ikaja juu yake. Upinde hauondoi haja ya kibali. Upemba na Kundelungu ni mbuga za taifa, humo hakuna kuwinda. Kama upinde utaingia kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, uliza forodha na ofisi ya mazingira ya mkoa kabla ya kulipa.

Hatua ya 2: Pima mikono, kisha jicho

Simama ukiegemea ukuta, nyosha mikono yote miwili kama msalaba bila kuvuta mabega, mtu apime kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati cha mkono wa pili. Gawanya kwa 2.5. Mtu mwenye sentimita 175 anapata 70, yaani inchi 27 na nusu. Huo ndio urefu wako wa mvuto, yaani umbali unaovuta kamba ya upinde mpaka mwisho. Wauzaji wa pinde duniani kote wanatumia inchi na pauni, kwa hiyo zoea kubadilisha: inchi 1 ni sentimita 2.54, pauni 1 ni gramu 454.

Jicho nalo lina lake. Nyosha mikono mbele, unganisha viganja ubaki na tundu dogo katikati, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi, kisha rudisha mikono usoni polepole bila kukipoteza kile kitu. Tundu litakuja kwenye jicho moja: hilo ndilo linalotawala. Likiwa la kulia, nunua upinde wa mkono wa kulia, yaani unaoshikwa kwa mkono wa kushoto na kuvutwa kwa wa kulia. Hapa wanunuzi wengi huchanganya, kwa sababu upinde huitwa kwa mkono unaovuta, si kwa mkono unaoshika.

Hatua ya 3: Chagua aina

Kuna aina nne zinazofaa kufikiriwa. Uta wa mti mmoja, yaani upinde wa asili uliochongwa kutoka kipande kimoja cha mti, tutauzungumzia peke yake hapa chini.

Upinde mrefu wa mbao na faiba ni mwepesi, mtulivu, unasamehe makosa ya vidole, lakini urefu wake wa inchi 64 hadi 68 unasumbua vichakani. Rikavu, yaani upinde ambao ncha zake zimekunjwa kuelekea mbele, unahifadhi nguvu nyingi zaidi katika urefu mdogo. Ni huu tunaoupendekeza kwa mtu anayeanza, hasa ule unaofunguka vipande vitatu: kishikio na mikono miwili ya upinde, ile inayopinda juu na chini ya kishikio. Unaanza na mikono ya pauni 30, yaani nguvu inayotakiwa kuivuta, baadaye unanunua mikono mizito bila kubadilisha kishikio. Samick Sage wa inchi 62 umejenga jina lake kwa sababu hiyo. Bear Grizzly wa inchi 58 ni wa kipande kimoja, mzuri sana ndani ya kibanda cha maficho, ila mtu mwenye mvuto wa inchi 29 na zaidi atahisi ugwe, yaani kamba ya upinde, unambana vidole. Huyo atafute inchi 62 hadi 64.

Upinde wa kapi, wenye magurudumu madogo ya kupitisha kamba kwenye ncha zake, ni uvumbuzi wa Mmarekani Holless Wilbur Allen, aliyepewa hataza mwaka 1969. Kapi zinabeba sehemu kubwa ya uzito mwishoni mwa mvuto: upinde wa pauni 60 wenye punguzo la asilimia 80 unabaki na pauni 12 tu mkononi. Ni sahihi, una mwendo mkali, na unajifunza haraka. Lakini kubadilisha ugwe au nyaya zake kunataka mashine ya kubana mikono. Kama hujui mtu wa karibu mwenye mashine hiyo, ugwe ukikatika upinde wako umekuwa chuma. Kwa mtu wa Lubumbashi hilo ndilo swali la kwanza, kabla ya bei.

Hatua ya 4: Uzito wa mvuto

Tafuta maandishi kwenye mkono wa chini wa upinde. Ukisoma 45 kisha alama ya # na 28, maana yake ni pauni 45 ugwe ukivutwa inchi 28. Wewe ukivuta inchi 26, hupati 45. Kwa rikavu za kawaida kila inchi inabadilisha pauni 2 hadi 3, kwa hiyo utapata kama 40. Mwenye mikono mirefu naye anajikuta na upinde mzito kuliko alioununua.

Njia ya uhakika ni mizani ya kulabu, ile ya kuning'iniza mizigo. Weka kulabu katikati ya ugwe, shika upinde, vuta mpaka urefu wako, mwenzako asome. Pauni 40 ni kilo 18, pauni 45 ni kilo 20.4, pauni 50 ni kilo 22.7.

Kwa kanga na sungura pauni 30 hadi 35 zinatosha. Kwa nsya na pongo, 40 hadi 45. Kwa ngiri na nguruwe wa porini, mwenye ngozi ngumu na matope yaliyokauka juu yake, anzia 50. Wanyama wakubwa kuliko hao si kazi ya mwongozo huu.

Sasa jaribu hivi: simama, elekeza upinde kwenye shabaha, vuta moja kwa moja bila kuuinua kuelekea mbinguni. Shikilia ukihesabu hadi kumi, kisha rudisha polepole bila kuachia. Rudia mara kumi. Halafu piga goti, rudia. Halafu kaa kwenye kigoda, rudia. Bega likipanda kuelekea sikio, kichwa kikifuata ugwe, au ncha ya mshale ikitetemeka kabla ya kufika tano, shuka pauni 5. Hakuna aibu katika hilo. Pauni 40 zilizotulia zinaua kwa usafi. Pauni 55 zinazotetemeka zinajeruhi mnyama na kumwacha akafie mbali.

Wala usiachie ugwe bila mshale, hata kwa majaribio dukani. Nguvu ambayo mshale ungeibeba inarudi yote ndani ya mikono ya upinde, gundi inaachana au faiba inapasuka, na kwa upinde wa kapi vipande vinaweza kuruka usoni.

Hatua ya 5: Kagua upinde uliotumika

Njoo na pamba kidogo ya duka la dawa. Ipitishe taratibu mgongoni mwa upinde (upande unaotazama shabaha), tumboni (upande unaokutazama wewe), na kingoni, kutoka ncha hadi ncha. Palipo na ufa usioonekana kwa macho, pamba itaacha nyuzi zake. Mistari myembamba inayokwenda kwa urefu wa mkono mara nyingi ni ya rangi tu. Mstari unaokata mkono kwa upana, au kitu kama mkunjo tumboni, ni upinde uliokwisha: uache.

Tazama kingo pale mbao na faiba zilipounganishwa. Doa jeupe, au mahali ambapo kipande cha karatasi kinaingia, ni gundi iliyoachia. Mara nyingi chanzo ni joto: upinde ulioachwa ndani ya gari lililofungwa juani mwezi wa Oktoba hauwezi kuaminika tena.

Kisha funga ugwe, shika upinde ukiwa na ncha ya chini karibu na jicho, tazama kwa urefu. Ugwe upite katikati ya mikono yote miwili. Ukienda pembeni, mkono umejikunja, na kwa kawaida ni kwa sababu mwenyewe alikuwa akifunga ugwe kwa kupitisha mguu ndani ya upinde. Tumia kamba ya kufungia, inayoshika ncha zote mbili wakati unaukanyaga katikati.

Pima pia umbali kutoka ugwe hadi mkono wa juu, pale mkono unapoanza baada ya kishikio, halafu hadi mkono wa chini mahali palepale. Wa juu ukizidi kwa milimita 3 hadi 6, ni sawa kwa anayeweka kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini. Anayeweka vyote vitatu chini anahitaji tofauti ndogo au hakuna kabisa.

Hatua ya 6: Ukipenda uta wa mti

Uta si kitu cha kuletwa huku. Katika masimulizi ya Waluba, Mbidi Kiluwe aliyetoka mashariki alikuwa mwindaji, na wafalme wao walikuwa na vishikio vya kuwekea uta, vyenye matawi matatu, vilivyochongwa kwa ustadi mkubwa. Mti unaosifika sehemu nyingi za Afrika kwa kazi hii ni mkole.

Unapochagua kwa fundi, tazama mgongo wa uta: nyuzi za mti ziende bila kukatwa kutoka ncha moja hadi nyingine. Zikikimbilia ukingoni, ndipo utakapopasukia. Fundo lililo katikati na kuachiwa mti wa kutosha halina shida, la ukingoni ni hatari. Kwa uta unaopinda hadi kwenye kishikio, urefu uwe mara mbili ya mvuto wako na asilimia 10 juu yake: mvuto wa sentimita 70 unataka uta wa 154 au zaidi. Usiuvute kamwe kupita pale fundi alipoufikisha.

Kinachoharibu uta Katanga ni majira. Kuanzia Novemba mti unakunywa unyevu, uta unalegea na kubaki umepinda. Juni hadi Oktoba unakauka kupita kiasi na unaweza kuvunjika kama ukuni. Upake nta ya nyuki, ufungue ugwe kila unapomaliza, na uulaze juu ya vigingi viwili mbali na jiko na bati. Uta mbichi upime kwa mizani ya jikoni kila wiki. Usianze kuuvuta mpaka uzito wake uache kushuka.

Hatua ya 7: Ugwe na mishale

Rikavu ya inchi 62 hutumia ugwe wa kama inchi 58, pungufu kwa 4. Upinde mrefu hupungua kwa 3. Umbali kati ya kishikio na ugwe uwe sentimita 19 hadi 22 kwa rikavu nyingi. Ukisikia mlio mkali au ugwe ukakugonga kifundo cha mkono, uzungushe ugwe mara tano zaidi upande uliosokotwa, pima tena, jaribu. Pinde za zamani zipewe ugwe wa dakroni pekee, yaani nyuzi zinazovutika kidogo, nyuzi 14 kwa pauni 45, kwani ncha zake hazikuimarishwa kubeba nyuzi zisizovutika. Nailoni ya wavuvi usiitumie: inanyooka kwenye kila mvuto na mshale unaenda popote.

Mshale wa kuwindia kwa upinde usio na kapi uwe na uzito wa nusu gramu hadi 0.65 kwa kila pauni ya upinde. Kwa pauni 45 ni gramu 23 hadi 29, chembe (ncha kali ya mshale) na manyoya vikiwemo. Mizani ndogo ya wapima dhahabu inatosha. Mshale mwepesi zaidi ya hapo unapendeza kwa mwendo, lakini unapiga kelele, hauingii ndani, na unauchosha upinde.

Ugumu wa mshale ndio unaowashinda wengi. Mishale ya kaboni huandikwa namba ya ugumu, na namba ndogo ni mshale mgumu zaidi. Anzia 600 kwa pauni 40, 500 kwa pauni 45 hadi 50, bila kuikata. Simama mita 15, piga mitatu yenye manyoya na miwili isiyo nayo. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, isiyo na manyoya ikiangukia kushoto, mshale ni mgumu mno: ongeza uzito wa chembe. Ikienda kulia ni laini: punguza chembe, au kata mshale nusu sentimita kwa wakati mmoja, si zaidi. Ikiwa juu ya mingine, pandisha kidogo alama ya kupachikia mshale kwenye ugwe, na ikiwa chini, ishushe. Alama hiyo ianzie sentimita 1 hadi 1.3 juu ya usawa wa mahali mshale unapolala.

Chembe kiwe cha makali mawili, kipana na kizito, kilichonolewa mpaka kinyoe nywele za mkono. Chembe butu kinasukuma mishipa pembeni badala ya kuikata.

Hatua ya 8: Tafuta umbali wako

Asubuhi, kabla ya kupasha mwili, chukua mshale mmoja tu. Weka shabaha ya upana wa kisahani cha kikombe cha chai, maana kifua cha nsya hakina nafasi zaidi ya hiyo. Anza mita 10. Mshale mmoja kila asubuhi, siku kumi. Ikiingia yote kumi, rudi nyuma mita 2 uanze kuhesabu upya. Wengi wenye rikavu husimama kati ya mita 14 na 20, na wenye kapi hufika 25 hadi 30. Umbali wa mwisho ambapo yote kumi iliingia uandike kwenye kipande cha plasta, ukibandike ndani ya mkono wa upinde unapouona ukivuta. Ukibadilisha ugwe, mikono au uzito wa chembe, bandua plasta hiyo na uanze tena mita 10.