Somo: Kukisia na kutoa maoni kwa must, might, could na can't

Shuleni wengi tulifundishwa kwamba "must" ni lazima, "can" ni kuweza, na "may" ni ya kuombea ruhusa ya kwenda nje. Ni kweli, ila wenye lugha yao wanayatumia maneno hayohayo kuonyesha wana uhakika kiasi gani na jambo, na kulainisha maoni yao. Hapo ndipo mtu mwenye Kiingereza safi kabisa anapoonekana mkali bila kukusudia.

Hatua ya 1: Pima uhakika wako kwanza

Saa nne usiku unampigia dada yako, simu inaita mpaka inakata. Unajua huwa analala mapema. Utasema: "She must be asleep." Hakuna anayemlazimisha kulala. Umeunganisha unayoyajua ukapata jibu moja tu: bila shaka amelala.

Kama hujui ratiba yake: "She might be asleep." Unaweza pia kusema "may" au "could". Huenda amelala, huenda simu kaiacha chumbani. "May" ina urasmi kidogo, "might" ndiyo utakayoisikia zaidi kwenye maongezi ya kila siku. Tofauti nyingine kati yao ni ndogo mno, usiumize kichwa.

Sasa jirani yake anakwambia anamsikia anacheka na wageni sebuleni. "She can't be asleep." Haiwezekani awe amelala.

Kuna pia "should", ya mambo yanayokwenda kwa utaratibu wake: "The bus should be here by ten." Na mlango ukigongwa saa ambayo mama hurudi, utasikia "That'll be Mum." Hii isikutishe, kwani hata sisi tunasema "atakuwa mama huyo" ilhali ameshafika mlangoni.

Hatua ya 2: Ukikanusha, usikimbilie "mustn't"

Kinyume cha "must" ya kukisia ni "can't". Ukisema "She mustn't be asleep", wengi watasikia katazo: asiwe amelala. "Might not" na "may not" nazo zinafaa pale unapokuwa na shaka tu: "She might not come", huenda asije. Angalia "may not", maana kwenye tangazo la mlangoni "You may not enter" ni marufuku kuingia. Ukitaka usalama tumia "might not".

Hatua ya 3: Mvua ya kesho

Hili ni kosa letu sugu. Kwa kuwa tunasema "mvua inaweza kunyesha kesho", tunaandika "It can rain tomorrow". Kiingereza hakikubali. "Can" ni ya tabia ya kitu kwa ujumla: "Nairobi can be cold in July", yaani kuna siku baridi hupiga. Kwa tukio moja mahususi linalosubiriwa, sema "It might rain tomorrow", au "may", au "could".

Hatua ya 4: Yaliyopita

Ongeza "have" na umbo la tatu la kitenzi: "She must have gone out", "She might have lost her phone", "She can't have heard me". Mdomoni "must have" hufupika ikawa "must've", na ndiyo maana hata wazawa wengine huandika "must of". Usiwaige.

"Could have" ina sura mbili. "She could have missed the bus" ni kukisia: huenda alikosa basi. Lakini "You could have told me!" ni lawama: ungeweza kuniambia, hukuniambia. Mazingira na sauti ndivyo vitakavyokuonyesha ipi ni ipi.

Hatua ya 5: Maoni

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo kazi na mahusiano yanapoharibika.

Umesoma ripoti ya mwenzako Mwingereza, ukurasa wa 3 hesabu haikai sawa. Ukimwandikia "This is wrong. You must change it", ujumbe utafika, ila atahisi amefokewa. Yeye angeandika: "I think the total on page 3 might be wrong. You may want to check it." Anajua fika kwamba ni kosa. "Might" hapa haipimi uhakika, inamwachia mwenzake nafasi ya kurekebisha bila kuaibika.

Na ikija kinyume, bosi akakuandikia "You might want to look at this again", usidhani umepewa hiari. Umeagizwa. Irekebishe leo.

Ukitaka kutoa maoni ya kawaida, anza na "I'd say" au "I would think". "I'd say the second plan is better" inabeba msimamo wako wote, bila kumfungia mwingine mlango. Ushauri wa wazi kwa rafiki ni "should": "You should see a doctor." Hifadhi "must" kwa jambo zito kweli, au kwa ukarimu: "You must try the pilau!" hiyo humpendeza mgeni.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niko mapokezi hotelini. Mgeni kaniambia "You must be very busy". Alikuwa analalamika?*
La hasha. Ameona foleni akakisia umezidiwa, anakupa pole. Jibu "Yes, a little, but thank you", kisha mhudumie.

*Shikamoo mwalimu. "Maybe" na "may be" ni kitu kimoja?*
Marahaba. Hapana. "Maybe" ni labda, hukaa zaidi mwanzoni: "Maybe he is ill." "May be" ni vitenzi viwili: "He may be ill."

*Naona watu wanaandika "he might to go" na "she cans". Ni sawa?*
Si sawa. Maneno haya hayachukui "s", na kitenzi kinachofuata hakina "to". "Ought to" ndiyo inayokuja na "to" yake.

*Mbona kwenye filamu za Marekani nimesikia "He must not be home"?*
Umesikia vizuri. Wamarekani hukisia hivyo, aghalabu bila kufupisha, wakimaanisha inaelekea hayupo. "He can't be home" ni kali zaidi, haiwezekani kabisa awepo.

*Najiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Nikijaza "may" kwenye insha si nitaonekana sina msimamo?*
Hapana, mradi uchague pa kuiweka. Msimamo wako uandike wazi: "I believe phones should be banned in class." Madai kuhusu watu wote ndiyo uyapunguze: "Phones may distract some learners." Ukiandika "Phones distract all learners", msomaji atamtafuta mwanafunzi mmoja asiyesumbuliwa na simu, na hoja yako yote itayumba.