Kupunguza magari ya mtu mmoja mmoja kazini: anza na maegesho

Kampuni nyingi huanza na mabango ya kuhimiza baiskeli. Bango halimtoi mtu kwenye gari lake ikiwa maegesho ni ya bure na yako hatua kumi kutoka mlangoni. Kila asubuhi mfanyakazi hupiga hesabu ya muda, pesa na usumbufu, na hiyo ndiyo mratibu wa usafiri anatakiwa kuibadilisha.

Kwanza ujue watu wanakujaje

Kwenye dodoso, usiulize "Kwa kawaida unakujaje kazini?" Watu hujibu vile wanavyopenda kuonekana. Uliza Jumatatu iliyopita alikujaje, Jumanne alikujaje, hadi wiki iishe. Ongeza saa ya kufika na kutoka, mtaa anaoishi, na shughuli za njiani kama kupeleka mtoto shule. Usilitume shule zikiwa zimefungwa, maana majibu yatakupotosha. Sambamba na hilo, mlinzi wa getini ahesabu magari kwa siku tatu za katikati ya wiki, akiandika kila gari limebeba watu wangapi. Hesabu hizo mbili zikipishana sana, amini ya getini.

Kisha ziweke nyumba kwenye ramani, kwa mtaa tu, bila majina. Aliye umbali wa kilomita 2 hutembea kwa takriban dakika 25. Wa kilomita 5 hufika kwa baiskeli ndani ya dakika 20 akienda mwendo wa kawaida. Zaidi ya hapo ni basi, treni au lifti. Wenye ulemavu na wa zamu ya usiku wahakikishiwe nafasi ya gari tangu mwanzo, na watangaziwe hivyo, la sivyo mpango mzima utapingwa kwa jina lao.

Maegesho

Gawa nafasi kwa uhitaji, si kwa cheo. Mkurugenzi akibaki na nafasi iliyoandikwa jina lake, hakuna atakayekusikiliza.

Ukitoza, toza kwa siku. Aliyelipia mwezi mzima huona anapoteza pesa siku asiyoleta gari, kwa hiyo atalileta hata pasipo haja. Malipo ya siku humfanya aamue upya kila asubuhi.

Kama kutoza kutaleta mgogoro, geuza upande: anayeachia nafasi yake alipwe fedha sawa na gharama ya nafasi hiyo. California ilitunga sheria ya aina hii mwaka 1992 kwa baadhi ya waajiri. Katika kampuni nane zilizochunguzwa baadaye, waliokuja peke yao kwenye gari walishuka kutoka asilimia 76 hadi 63. Njia hii hujilipa yenyewe pale kampuni inapokodi maegesho kwa idadi ya nafasi. Kama uwanja ni wa kampuni, nafasi iliyoachwa haiokoi chochote mpaka itumiwe kwa kazi nyingine. Chunguza pia mitaa ya jirani, kwani wengine watahamishia tu magari huko na lawama zitakurudia wewe.

Lifti

Waunganishe watu wa mtaa mmoja ambao saa zao hazipishani kwa zaidi ya dakika 15. Anza na wawili wawili. Kundi la wanne huvunjika upesi kwa sababu kila siku kuna mmoja mwenye dharura. Wakubaliane mapema: kusubiriana kusizidi dakika tano, na mafuta yachangiwe kwa gharama halisi bila faida, kwa kuwa bima nyingi hazimlindi anayebeba abiria kibiashara.

Kinachowarudisha watu nyuma zaidi ni hofu ya kukwama ofisini mtoto akiugua au bosi akiongeza kazi saa kumi na moja. Tibu hofu hiyo kwa ahadi ya teksi: mwajiri analipa nauli ya kurudi nyumbani siku ya dharura, tuseme mara nne kwa mwaka. Wanaoitumia huwa wachache sana. Risiti iletwe baadaye. Ukidai saini mbili kabla ya safari, ahadi hiyo haipo.

Baiskeli

Nafasi moja ya gari, mita 2.5 kwa 5, inatosha vyuma vitano vya umbo la U iliyopinduliwa vilivyoachana mita 1, yaani baiskeli kumi. Vifungwe kwenye zege, karibu na mlango, mlinzi anapopaona. Epuka vile vinavyobana gurudumu la mbele pekee: hupinda rimu, na mwizi huliacha gurudumu akaondoka na baiskeli. Bafu moja na sehemu ya kuanika nguo zilizolowa vinatosha kuanzia.

Kupima

Rudia dodoso na hesabu ya getini mwaka unaofuata, wiki ileile. Lita 1 ya petroli hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi. Gari linalokula lita 8 kwa kilomita 100, likienda na kurudi jumla ya kilomita 30, hutoa kama kilo 5.5 kwa siku. Zidisha kwa siku ambazo halikuletwa, kisha utoe kilo za mzunguko wa ziada wa gari la mwenzake lililompitia.

Wafanyakazi wapya ndio rahisi kuwashawishi, kwa kuwa bado hawajazoea njia yoyote. Barua ya ajira iwafikie ikiwa na ratiba ya basi na majina ya wenzao wanaotoa lifti, kabla hawajauliza pa kuegesha.