Namna ya Kuandaa Malalamiko ya Ushindani Dhidi ya Jukwaa Kubwa la Kidijitali

Anza kwa kueleza soko. Kuwa kampuni kubwa si kosa. Kinachokatazwa ni kutumia vibaya nguvu ya soko, kwa hiyo eleza ni huduma gani hasa inayolalamikiwa na kwa nini wateja hawawezi kuhamia kwingine kwa urahisi. Hapa ndipo malalamiko mengi ya haki hukwama, jambo linalosikitisha.

Kisha taja tendo lenyewe. Mwaka 2017 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.42 kwa kuipa huduma yake ya kulinganisha bei nafasi ya juu katika matokeo ya utafutaji huku ikiwashusha washindani, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2024. Ushahidi wa kushushwa namna hiyo unaweza kuanza kuukusanya mwenyewe: piga picha ya skrini ya utafutaji uleule kila siku, ikionyesha tarehe na saa, kisha uilinganishe na rekodi za wanaotembelea tovuti yako, ili kushuka kwa nafasi na kupungua kwa wateja vionekane pamoja.

Ikiwa unahudumia wateja wa Umoja wa Ulaya, soma pia Sheria ya Masoko ya Kidijitali, inayoyakataza moja kwa moja majukwaa yaliyoteuliwa kuwa walinda lango, yaani majukwaa makubwa ambayo biashara hupitia ili kuwafikia wateja, kufanya upendeleo wa aina hiyo. Siri zako za biashara ziweke katika nakala tofauti ya malalamiko, ili zisifichuliwe.