Namna ya Kutofautisha Maneno ya Kiingereza Yanayofanana kwa Sauti

Ninapohariri barua na ripoti za Kiingereza zilizoandikwa na Waswahili wenzangu, makosa yanayojirudia zaidi ni ya maneno mafupi yanayosikika sawa. Programu ya kusahihisha tahajia mara nyingi huyapitisha, kwa kuwa neno lenyewe limeandikwa vizuri ila limekaa mahali pasipo pake.

Kwanza, tambua chanzo cha mkanganyiko. Yapo maneno ambayo hata Waingereza huyatamka sawa, kama “their” na “there”, na yapo yanayofanana vinywani mwetu tu. Kiswahili kina irabu tano na Kiingereza kina nyingi zaidi, ndiyo maana “hat”, “hut”, “heart” na “hurt” zote huangukia kwenye “a” yetu moja. Anayeandika “I leave in Arusha” anakusudia kusema anaishi huko, lakini msomaji anaona habari ya kuondoka. Kwa jozi za aina hiyo, vuta irabu ndefu kama unavyotamka “tii”, kisha angalia tahajia: “leave”, “sheep”, “feel” na “seat” zina herufi mbili za irabu zilizofuatana, ilhali “live”, “ship”, “fill” na “sit” zina “i” peke yake.

Pili, kwa maneno yanayotamkwa sawa kabisa, acha sikio na uipime sentensi kwa Kiswahili. Ukipata “-ao”, kama katika “vitabu vyao”, andika “their”. Ukipata “pale”, “huko” au “kuna”, andika “there”. Na “they're” iandike pale tu inapoweza kufunguliwa ikawa “they are”. Vivyo hivyo, “its” ni “-ake”, na “it's” ni ufupisho wa “it is” au “it has”. Hapa hata wasomi huteleza, kwa sababu ritifaa ya “Juma's” huonyesha umiliki, nao hudhani “its” inaihitaji pia, ingawa “his” na “hers” hawaziwekei.

Tatu, tenga kitenzi na nomino. “Affect” kwa kawaida ni kuathiri na “effect” ni athari. Katika tahajia ya Uingereza “practise” ni kitenzi na “practice” ni nomino. Wamarekani hutumia “practice” kwa yote mawili, kwa hiyo chagua mtindo mmoja.

Hatimaye, kabla ya kutuma waraka, bonyeza Ctrl na F, utafute “its”, “it's”, “their” na “there” moja baada ya jingine, na kila linapojitokeza ulipime upya ndani ya sentensi yake.