Namna ya Kusimulia Ngano ya Wanyama Ili Funzo Lifike

Chagua ngano ambayo mnyama analazimika kuamua jambo, kwa sababu funzo hukaa katika uamuzi huo wala si katika maneno ya mwisho ya msimulizi. Kwa watoto wadogo, kisa cha fisi aliyefika njia panda kinatosha: harufu ya nyama inamjia kutoka pande zote mbili, naye anatia miguu huku na huku mpaka anapasuka msamba. Kwa wenye umri wa miaka 8 na zaidi, ningechukua kisa cha Kima na Papa, ambacho Edward Steere, mmisionari Mwingereza, alikichapisha mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine alizozikusanya Unguja, na ambacho kiini chake kimo pia katika hekaya za kale za Kihindi zilizofasiriwa kwa Kiarabu katika karne ya 8.

Anza kwa mwito unaotumika kwenu, uwe "Paukwa" au "Hadithi, hadithi", na usiendelee mpaka wote wameitikia. Kisha ujenge urafiki polepole. Kima anakaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anakula kuyu na kumtupia papa aliye chini, siku baada ya siku. Wasimulizi wengi hupita hapa mbio, nami naona wanakosea, kwani msikilizaji asiyeuamini urafiki huo hatauonea uchungu usaliti unaofuata.

Papa anapomwalika kima kwao na kumbeba mgongoni, usibadili sauti. Wakiwa katikati ya safari, papa anamweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Hapo nyamaza, kisha uulize: "Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Mmoja atasema angejitupa majini, na mwenzake atamkumbusha kwamba pwani iko mbali. Wakishaona kwamba nguvu haifai kitu, ndipo jibu la kima litakapoingia kwa uzito wake wote: kwamba kima wakitembea huiacha mioyo yao mtini, basi na warudi wakauchukue.

Ngano ikiisha, usiseme "hadithi hii inatufundisha". Uliza papa alikosea wapi, na kima naye alikosea wapi. Wengi watamsifu kima kwa akili yake, na baadhi watamlaumu kwa kuamini upesi. Huenda akatokea wa kumtetea papa kwamba alikuwa akimtumikia sultani wake. Huyo asinyamazishwe hata kidogo, maana amegusa swali zito kuliko yote yaliyomo katika kisa hiki.

Visa vya Sungura vinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mara nyingi hudanganya na kushinda. Usimgeuze kuwa mwema, wala usimbunie adhabu ya mwishoni. Mtoto akiuliza mbona mwongo ameshinda, mwelekeze atazame anayedanganywa ni nani: Sungura anayemlaghai simba aliyetaka kumla ni mnyonge anayejiokoa, lakini anayemdhulumu mwenzake mavuno ya shamba walilolilima pamoja ana kesi nyingine kabisa. Simulia visa vya namna hizo mbili kwa jioni mbili zinazofuatana na umwache avilinganishe mwenyewe. Jioni ya tatu mpe zamu ya kusimulia, na usimkatize hata akiubadilisha mwisho.