Anza na kumbukumbu: kuchagua RAM na vipuri vinavyoelewana kwa kompyuta ya kazi nzito

Wengi wanaojenga kompyuta ya kazi huanza na prosesa, wakaja kwenye kadi ya michoro, kisha RAM (kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hufanyia kazi) wakaitafutia hela iliyobaki. Nashauri uende kinyume. Kiasi cha kumbukumbu unachohitaji ndicho kinachoamua aina ya vijiti vya RAM, aina ya vijiti inaamua ubao mama, na ubao mama unaamua prosesa gani itakaa hapo. Prosesa ikiwa dhaifu kidogo, kazi itachelewa tu. RAM ikipungua, kazi inasimama: mfumo unaanza kuhamishia data kwenye diski, kila kitu kinaganda, au programu inajifunga ikiwa katikati ya kurenda (kutoa picha au video ya mwisho).

Hatua ya 1: Pima kazi yenyewe

Usikisie. Fungua mradi wako mkubwa kuliko yote kwenye kompyuta uliyonayo sasa, pamoja na kivinjari na programu nyingine unazoziacha wazi kila siku, kisha uangalie matumizi ya RAM wakati kazi iko kileleni. Kama RAM imejaa, namba unayoiona inakudanganya, kwa sababu sehemu ya mzigo imeshapelekwa kwenye diski. Hapo jumlisha na kile kilichohamishiwa diski.

Chukua kilele hicho, ongeza nusu yake, halafu panda hadi kipimo kinachouzwa: 32, 64, 96 au 128 GB. Hiyo 96 hutokana na vijiti 2 vya GB 48, na kwa maoni yangu ndiyo chaguo lililosahaulika kuliko yote. Kwa kuhariri picha na kuandika programu, GB 32 hutosha watu wengi. Video za 4K zenye tabaka nyingi zitakusukuma kwenye 64. Uigaji wa kihandisi, mashine pepe (kompyuta za kuigwa ndani ya kompyuta moja) kadhaa kwa pamoja au mandhari kubwa za 3D huanzia 96 kwenda juu. Kama una kadi ya michoro yenye kumbukumbu kubwa, jitahidi RAM ya mfumo iwe walau mara mbili ya ile ya kadi, maana data nyingi hupitia RAM kabla ya kufika huko.

Hatua ya 2: Jua ni kijiti cha aina gani

DDR4 na DDR5, yaani vizazi viwili vya RAM, zote zina pini 288, lakini mkato wa chini hauko mahali pamoja. Ubao wa DDR4 hautapokea DDR5 hata ulazimishe, na ukilazimisha utavunja sloti.

Ndani ya DDR5 kuna mgawanyo mwingine ambao huwaponza wanunuzi: UDIMM na RDIMM. UDIMM ni ile ya kompyuta za kawaida. RDIMM ina rejista kati ya prosesa na chipu, hivyo inabeba ujazo mkubwa zaidi kwa kila kijiti, na hutumika kwenye seva na kompyuta kubwa za kazi. Kwenye DDR5 hazibadilishani kamwe. Kijiti cha UDIMM hulishwa volti 5, cha RDIMM volti 12, na mikato yao imetofautishwa makusudi. Prosesa za kazi nzito kama Threadripper za mfululizo wa 7000 (AMD) na Xeon W-2400 na W-3400 (Intel) zinataka RDIMM peke yake. Ryzen (AMD) na Core (Intel) za kawaida zinataka UDIMM peke yake. Ukiona RDIMM za bei nafuu zilizotolewa kwenye seva, usizinunue kabla hujajua ubao wako uko upande gani.

Hatua ya 3: Amua kuhusu ECC

ECC (urekebishaji wa makosa ya kumbukumbu) hurekebisha biti moja iliyogeuka, yaani 0 iliyokuwa 1 au kinyume chake, na kukuarifu. Kama kompyuta itaendesha hesabu usiku kucha, itahifadhi kumbukumbu za fedha, au itatoa matokeo ambayo mtu mwingine atayategemea, ninaichukulia ECC kuwa ya lazima. Biti moja ikigeuka kimyakimya ndani ya jedwali, hakuna atakayejua kosa limeingilia wapi.

Jihadhari na tangazo linalosema kila DDR5 ina ECC. Ile iliyo ndani ya chipu hurekebisha makosa ya chipu yenyewe tu. Haikupi taarifa, wala hailindi data ikiwa njiani kuelekea kwenye prosesa. Ukishika kijiti kisicho na kifuniko, hesabu chipu nyeusi za kumbukumbu. UDIMM ya kawaida yenye chipu za x8 (kila chipu hutoa biti 8) huwa na 8 kila upande, na yenye ECC huwa na 9 au 10.

Upande wa Ryzen za 7000 na 9000 za mezani, ECC hufanya kazi endapo mtengenezaji wa ubao ameiruhusu, kwa hiyo soma ukurasa wa ubao huo mahususi. Upande wa Core za kizazi cha 12 hadi 14, tafuta ubao wenye chipseti (chipu kuu ya ubao mama) ya W680. Baada ya kujenga, kwenye Linux andika `dmidecode -t memory`: upana wa jumla ukiwa biti 72 au 80 huku upana wa data ukiwa 64, vijiti vina ECC. Kisha hakikisha EDAC (sehemu ya Linux inayofuatilia makosa ya RAM) imeiona, kwani kijiti kuwa na ECC hakumaanishi ubao umeiwasha.

Hatua ya 4: Vijiti vichache, vikubwa

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Ubao wa kawaida una sloti 4 lakini chaneli (njia za data kati ya RAM na prosesa) 2 tu, na sloti mbili zikigawana chaneli moja, kasi inashuka. AMD wenyewe wanaiandika Ryzen 9000 kuwa 5600 MT/s (uhamishaji wa data kwa mamilioni kwa sekunde) kwa vijiti 2, na 3600 kwa vijiti 4. Kwa hiyo 2×48 ni bora kuliko 4×24, ingawa jumla ni ile ile. Na nunua seti moja ya boksi moja. Seti mbili zenye namba ile ile ya modeli zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani.

Usichomeke kimoja peke yake ukisubiri mshahara ujao. DDR5-5600 hupitisha GB 44.8 kwa sekunde kwa kila chaneli, na kwa kijiti kimoja umeacha nusu ya barabara ikiwa tupu. Kazi ikidai kipimo data zaidi ya chaneli 2, hama jukwaa: kwa upande wa Threadripper, ubao wa TRX50 una 4, wa WRX90 una 8.

Hatua ya 5: Kasi na CL

Namba kubwa ya MT/s haitoshi. Zidisha CL (idadi ya mizunguko ambayo RAM husubiri kabla ya kujibu) kwa 2000, gawanya kwa MT/s, utapata ucheleweshaji kwa nanosekunde. DDR5-6000 CL30 ni 10. DDR5-5600 CL46 ni zaidi ya 16. Kasi inayoandikwa kwenye boksi mara nyingi hupatikana kwa kuwasha XMP au EXPO (mipangilio ya kasi iliyohifadhiwa kwenye kijiti), na huko ni kuvuka kiwango ambacho prosesa imethibitishiwa. Kwenye mashine ya kazi mimi hubaki na kasi rasmi ya prosesa.

Hatua ya 6: Vipuri vingine

Tafuta namba kamili ya modeli ya kijiti kwenye orodha ya QVL ya ubao (vijiti vilivyojaribiwa na mtengenezaji wake), si jina la familia tu. Angalia pia toleo la BIOS (programu ya ubao inayowasha kompyuta): vijiti vya GB 48 na prosesa mpya mara nyingi huhitaji toleo jipya, kwa hiyo chagua ubao unaoweza kuandikwa BIOS kwa USB bila prosesa.

Pima urefu wa vijiti. Kipoza prosesa cha Noctua NH-D15 chenye feni mbili huacha milimita 32 tu juu ya RAM, na vijiti vyenye taa mara nyingi huzidi 40. Sloti ya pili ndefu ya kadi huenda ikawa na njia 4 tu za PCIe (njia za data za kadi) zinazopitia chipseti. Na usitumie kamwe nyaya za pawa saplai moja kwenye nyingine, hata zikiingia vizuri, kwani mpangilio wa pini unaweza kutofautiana na ukaunguza diski.

Hatua ya 7: Chomeka na upime

Vijiti viwili hukaa kwenye A2 na B2, yaani sloti ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Bonyeza ncha zote mbili hadi usikie klipu ikifunga. Uwashaji wa kwanza wa DDR5 unaweza kuchukua dakika kadhaa kioo kikiwa cheusi wakati ubao unajifunza vijiti. Usizime.

Kabla ya kuweka mfumo, endesha MemTest86 (programu ya kupima RAM) usiku mzima. Kosa hata moja halikubaliki. Likitokea, zima XMP au EXPO urudie. Likipotea, vijiti ni vizima ila kasi imezidi, basi shuka ngazi moja. Likibaki, pima kila kijiti peke yake kwenye A2. Kinachoshindwa ndicho kibovu, lakini rudisha seti nzima dukani, usikubali kubadilishiwa kimoja.